Kamba Tumboni mwa Wifi Yangu

Wifi yangu Veridiana hanywi maji kabla hajayachuja. Hata umpe ya chupa, iliyofungwa kiwandani, ataiinua kwanza aitazame kwenye mwanga, ndipo afungue. Watu wa Mkunya, huku kwetu Newala, walimcheka sana alipokuja kuolewa na kaka yangu Fortunatus. "Huyu wa Lulindi ana maringo," walisema. "Sisi maji yenyewe hatuna, yeye anayachagua!" Yeye alichukua kipande cha khanga, akakifunga kwenye mdomo wa ndoo, akamimina maji ya kisimani polepole, na vile vidudu vyembamba vinavyojipindapinda vikabaki juu ya kitambaa. Akawaita waliokuwa wakicheka waje waone. Mmoja alitema mate palepale. Tangu siku ile na mimi nachuja.

Nimeanza na hilo kwa makusudi, maana kaka yangu alikuja kumwita mwanamke huyu mchafu, na ugomvi wangu wote na kaka yangu unaanzia hapo. Mimi naitwa Stella, Mama Gideoni. Fortunatus ni kaka yangu wa tumbo moja, na nyumba zetu zinatazamana, jiko kwa jiko. Akikohoa namsikia. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nasimulia maneno ya kuokota barabarani.

Veridiana ni mwembamba, mrefu, anacheka kwa kuziba mdomo kwa sababu ya pengo la mbele. Darasa la saba alimaliza Lulindi, huko huko alikopata Kipaimara, na nyimbo za kanisani anazijua beti zote, si kama sisi tunaoimba la kwanza kisha tunamung'unya. Kwenye msimu wa korosho anaokota haraka kuliko mtu yeyote ninayemjua, na anapiga soga huku mikono ikienda. Ana binti mmoja, Huruma, ndiyo maana tunamwita Mama Huruma. Hana makuu. Kitu kimoja tu kinachomshinda ni uchafu. Akiona nywele kwenye mboga, basi, siku hiyo hali tena. Nilikuwa namtania, "Wifi, wewe ungezaliwa mjini kwenye mabomba." Naye hunijibu, "Na wewe ungezaliwa mwanamume, kwa mdomo huo."

Sasa kaka yangu. Kiangazi kikikaza, mabomba yakatoa hewa tupu na visima vya maji ya mvua vikabaki tope, yeye hufanya biashara ya maji. Anateremka na baiskeli hadi chemchemi ya bondeni, anafunga madumu manne, anapanda nayo hadi barabarani kwa mama ntilie na wenye nyumba. Mlima ule mtu mmoja haupandi na mzigo huo. Mmoja anashika usukani na kusukuma, mwingine anatangulia mbele akivuta kwa kamba. Wanaume wengine huungana wawili na kugawana wanachopata. Fortunatus hakutaka kugawana na mtu, hivyo mvutaji wake akawa mkewe. Kamba ya katani inafungwa chini ya usukani, inazungushwa tumboni mwa Veridiana juu ya kibwebwe, anainama, anavuta. Nyuma kaka yangu anapiga kelele, "Kaza! Kaza, mama, tusirudi nyuma!"

Nilikutana nao mara nyingi pale mlimani, na kila mara niliangalia pembeni. Punda angefungwa vile, ungewasikia watu wakimwonea huruma. Siku nilipomwambia kaka yangu, akacheka: "Kwani wewe Stella mume wako hakutumi?" Alikuwa anatoa jasho lenye harufu ya vitunguu vilivyooza, na meno yake yana ugoro. Nikaenda zangu.

Jioni moja Veridiana alikuwa anaoga. Bafu lao ni la matete, nyuma ya jiko. Nikasikia ananiita kwa sauti ndogo, "Mama Gideoni, hebu njoo kidogo." Nikaingia. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, amenyanyua mkono mmoja, anajitazama chini kama mtu aliyeangukiwa na mjusi.

Upande wa kulia, kuanzia chini ya titi kuteremka hadi karibu na kitovu, kulikuwa na kitu chini ya ngozi, chembamba na kirefu kama waya wa chaja. Hakikuwa jipu, wala uvimbe wa duara. Kilikuwa kamba. Aliponyoosha mkono zaidi, ile kamba ilikaza ikavuta ngozi, pakatokea mfereji.

"Gusa," akaniambia.

Nikagusa. Jamani! Ni kigumu, kinateleza kidogo chini ya kidole. Veridiana akashtuka kwa maumivu, na mimi nikadhani kilichoshtuka ni kile kitu chenyewe. Mwili ulinisisimka mpaka kisogoni. Nikavuta mkono, nikaufuta kwenye nguo, mkono mkavu kabisa, usio na kitu cha kufuta. Aliniona nikifuta.

"Usiwe na wasiwasi," akasema. "Hata mimi nikikigusa nasikia kutapika. Kuuma kinauma, lakini kuuma nakuvumilia. Ni kule kujua kwamba kipo. Najionea kinyaa, wifi. Mtu akijionea kinyaa mwenyewe atakimbilia wapi?"

Nikamwambia kesho twende hospitali. Akasema kwanza amwambie Baba Huruma. Mke mwema yule. Ningekuwa mimi ningeondoka bila kuaga.

Kaka yangu alimulika tumbo lile kwa tochi ya simu, akarudi nyuma hatua nzima, akagonga ukuta. "Mdudu huyo!" akapiga kelele. Alikuwa ameona video kwenye simu, mtu wa nchi gani sijui anavutwa mnyoo mrefu mguuni, unazungushiwa kijiti. Tangu alipoiona aliionyesha kijiji kizima, hata watu waliokuwa wanakula. Sasa akajiona ameelewa kila kitu. Kwamba Veridiana alikunywa maji ya chini ya kisima, yale ya tope, na mdudu amemea. Kwamba anatembea. Kwamba anataga.

"Mimi ndiye ninayechuja," Veridiana akasema. "Nyinyi wote mnakunywa ninayochuja mimi."

"Unachuja ya watu, ya kwako unakunywa kisirisiri. Mchafu wewe! Umejificha nyuma ya kitambaa miaka yote hii."

Alimwita mchafu. Veridiana! Nilisikia kutoka jikoni kwangu, na kijiko kilinidondoka.

Huku kwetu maji ya kunywa hukaa kwenye mtungi mmoja, na anayechota humo kwa mkono wake ni mtu wa nyumba ile. Mgeni huchotewa. Ukimkataza mtu asichote, umemwambia kwamba si wa hapo, na hakuna haja ya kuongeza neno. Kesho yake Fortunatus alimkataza mkewe kugusa mtungi. Akamtafutia kopo la rangi, lile alilokuwa anaoshea brashi, lina ukoko wa kijani ndani, akamwambia hilo ndilo lake. Akamhamishia kwenye mkeka jikoni, karibu na kuku. Sahani aliyolia mkewe aliimwagia maji ya moto kwa mbali, amenyoosha mkono na kugeuza uso. Veridiana akipita, yeye anatema mate. Huruma akimfuata mama yake, anaitwa kwa ukali arudi.

Na bado sijasema kinachonichefua. Kulipokucha alimwita: "Haya, twende bondeni."

Nilitoka nje nikiwa sijavaa hata viatu. "Kaka, unakwenda bondeni na nani?"

"Na mke wangu. Kuna nini?"

"Yule mwenye mdudu?"

"Mdudu yuko tumboni. Kamba inapita nje."

"Na maji anayoyavuta hayana kinyaa?"

"Yako kwenye dumu, dumu lina kifuniko." Akanitazama kama anayemweleza mtoto. "Stella, usitafute maneno. Watu wanasubiri maji."

Nikamwangalia Veridiana. Alikuwa amekwisha kujifunga kibwebwe. Alikuwa anakunja uso kabla kamba haijamgusa. "Acha, wifi," akasema, "asije akasema naringa." Wakateremka. Walipopanda, aliketi nyuma ya jiko, akanywa kwenye lile kopo la rangi, amefumba macho. Maji aliyoyavuta kwa tumbo lake! Nikamletea kikombe changu. Akakataa, akasema labda ni kweli, labda kitanirukia. Hapo ndipo nilipoogopa. Maana kaka yangu alikuwa ameanza kumwaminisha.

Hospitali, Fortunatus alisema, ni kupoteza muda, huko watampa dawa za minyoo ya kawaida. Akamleta mzee Filemoni. Mzee huyu anajiita mtaalamu wa mambo ya tumbo, na sina neno na umri wake, nilimpa shikamoo yake na akaitikia. Lakini kucha zake! Ndefu, za manjano, chini yake kuna kitu cheusi ambacho sikutaka kukijua. Alimlaza Veridiana kwenye mkeka uani, akaipapasa kamba kutoka juu hadi chini, akatangaza kwamba kichwa kiko chini ya titi na mkia uko kitovuni. Akatafuna majani, akayatafuna mpaka udenda ukamtiririka kidevuni, kisha akamtemea tumboni. Akayasambaza kwa kiganja. Harufu yake ilikuwa ya mabibo yaliyokaa siku kadhaa kwenye ndoo, na ugoro, na mdomo wa mtu asiyepiga mswaki. Veridiana, mwanamke asiyekula chakula chenye unywele mmoja, amelala pale na mate ya mzee yanamwingia kitovuni. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho.

Kaka yangu alikuwa amesimama mbali, ameziba pua kwa shati. "Anatoka?" akauliza.

"Dagaa wa kuchoma," mzee akasema. "Akisikia harufu atachungulia. Kisha tunapasua kidogo hapa, namkamata kichwa."

Akatoa wembe kutoka kwenye kitambaa cha mfukoni. Ulikuwa na kutu, na kwenye kutu hiyo nywele mbili zimeganda. Za nani, Mungu anajua. Hapo nilishindwa. Nilichukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, yana mafuta na makoko ya ugali, nikammwagia mzee Filemoni kuanzia kichwani. Naam, nilimmwagia. Aliruka, akalaani, akasema mdudu atanihamia mimi. "Ahamie!" nikamwambia. "Atakuta nimeshiba hasira." Nikamshika Veridiana mkono, nikamwingiza kwangu, nikamsugua tumbo kwa sabuni na maji ya kunywa, ya kunywa kabisa, hadi akasema inatosha.

Fortunatus hakuja kugombana. Alisimama uani, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Amekataa kutibiwa. Arudi kwao Lulindi. Mdudu akitoka, tutazungumza. Asipotoka, mjomba wake anijibu." Mambo yakawa hayo. Ndoa ya miaka kumi na moja ilikuwa inasubiri mdudu atoke. Veridiana alifunga nguo zake na za Huruma kwenye mfuko mmoja wa salfeti, wakapanda gari asubuhi. Hakulia. Aliniambia tu, "Wifi, kama ni mdudu kweli, usije kunitazama."

Nilikwenda. Nilivumilia siku chache, nikashindwa, nikateremka Lulindi. Nilimkuta kwa mama yake, amejitenga mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Ana kikombe chake, sahani yake, anakaa upepo unapoelekea ili harufu yake isiwafikie watu. Harufu gani? Ananukia sabuni. Lakini ukimwambia mtu ananuka kila siku, mwishowe anajinusa. Nikamkasirikia na yeye pia. Nikamwambia vaa, na tukaenda hospitali, njia nzima tumenuniana.

Daktari alikuwa dada wa makamo, ana miwani, amechoka, foleni imejaa mpaka nje. Alimlaza, akamwambia anyanyue mkono. Akapitisha kidole kwenye ile kamba, kidole kitupu, bila kukunja uso. Nilikiangalia kidole kile. Hakukifuta popote.

"Uliumia hapa? Uligongwa? Ulifanyiwa upasuaji?"

"Hapana."

"Unafunga kitu chochote tumboni? Mkanda, kamba, kitu cha kubana?"

Veridiana akanitazama mimi. Nami nikaona aibu kulisema, maana yule ni kaka yangu, na mtu huwafunika ndugu zake hata hajui kwa nini. Kisha nikasema. Nikaeleza baiskeli, madumu, mlima, kamba ya katani, na mahali inapopita. Daktari aliacha kuandika.

"Kamba inapita hapa?" Akaweka kiganja juu ya tumbo.

"Hapo hapo."

Akamweleza taratibu, na mimi nikasikia. Kwamba chini ya ngozi kuna mishipa midogo ya damu. Huo mmoja umebanwa na kusuguliwa kila siku mpaka ukavimba, damu ikaganda ndani yake, ukawa mgumu kama kamba. Hakuna mdudu. Hauambukizi, na hautoki kwenye maji. Wakampima kwa ile mashine ya picha, wakaangalia na titi pia wasije wakakosea, wakakuta kwingine kuko salama. Akapewa dawa ya maumivu, akaambiwa akande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, baada ya wiki kadhaa ugumu huo utapotea wenyewe. Usipopotea arudi. "Lakini kamba hiyo," daktari akasema, "basi. Usifungwe tena."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje. Nilidhani atafurahi. Akaenda pembeni ya ukuta akatapika, akatapika mpaka hakuna kitu. Nilimshika mgongo.

"Nilikuwa najiogopa mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nakataa kumbusu mtoto wangu."

Kamba ile ilipungua. Kwanza ikaacha kuuma, halafu ikawa laini, halafu ukipapasa unaitafuta hujui ilikuwa wapi. Habari zikapanda Newala haraka kuliko gari linavyopanda. Kabla msimu wa korosho haujaisha, Fortunatus alinijia jikoni ameoga, amevaa shati la Krismasi.

"Nimesikia amepona," akasema. "Twende wote tukamchukue. Wewe anakusikiliza."

Nilikubali kwa sababu nilitaka kuona. Siwezi kudanganya. Tukateremka kwa pikipiki yake mpya. Sikumuuliza aliipataje.

Mjomba wake Veridiana, mwalimu mstaafu Cuthbert, ndiye mwenye neno kwa watoto wa dada yake. Ni mtu wa amani, amani ya kupita kiasi kwa maoni yangu. Alituweka sebuleni, akatupa ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, akafungua kwa sala, akasema mengi kuhusu kusameheana na kwamba katika nyumba ugonjwa ni mtihani. Kisha akampa kaka yangu nafasi.

"Mimi sina neno baya, mjomba," Fortunatus akasema. Maganda ya ming'oko yalikuwa yamemng'ang'ania kwenye masharubu. "Ugonjwa ulikuwepo, ugonjwa umeisha. Sasa yuko safi. Nimekuja kumchukua mke wangu. Na kamba simfungi tena, nimeshapata kijana wa kuvuta."

Mjomba Cuthbert akatabasamu, akamgeukia mpwa wake. Nilimwona mama yake pale mlangoni anatingisha kichwa kumhimiza, sema ndiyo, sema ndiyo. Mwanamke wa miaka thelathini na tano, mtoto mmoja, atakwenda wapi?

Veridiana hakuziba mdomo safari hii. "Baba Huruma," akasema, "mimi mdudu sikuwa naye. Wewe uliamini ninaye. Si ndiyo?"

"Niliamini, ndiyo. Mtu yeyote angeamini."

"Uliogopa kikombe changu."

"Niliogopa. Nilikuwa na mtoto nyumbani."

"Uliamini kuna mdudu ananila ndani, na asubuhi ukanifunga kamba juu yake. Ungenikimbia ningekuelewa. Hata mimi nilitaka kujikimbia. Lakini hukunikimbia, ulinitemea mate, halafu ukanifunga. Mwili wangu nimekwisha kuuzoea tena. Wewe ndiye siwezi. Ukikaa hapo ninakuona, nasikia kichefuchefu. Nimejaribu kusali kiondoke. Nakuonea kinyaa, Fortunatus."

Hakumwita Baba Huruma. Mjomba Cuthbert akakohoa, akavua miwani, akaivaa. Kwa vile hakujua pa kushika, akanigeukia mimi.

"Mama Gideoni. Wewe ni wa upande wa mume, dada yake wa tumbo moja. Unasemaje? Maneno haya si hasira tu zitakazopoa?"

Kaka yangu alinitazama. Aliyenibeba mgongoni kuvuka matope nilipokuwa mdogo, aliyenilipia sare. Alikuwa ananisubiri nimfunike.

"Mjomba, hazitapoa," nikasema. "Ningekuwa yeye, nisingekaa naye hata kwenye chumba hiki."

Mjomba akasema basi, kama upande wa mume umesema hivyo, yeye hana la kulazimisha. Hakuna aliyepiga kelele. Huruma alikuja kumpa baba yake shikamoo ya kuagana; baba akamshika mtoto kichwa, kisha akatoka nje haraka.

Tulirudi kwa pikipiki ile ile. Yeye mbele, mimi nyuma. Tulipoanza kupanda mlima aliniambia nimshike, njia ni mbaya. Nilishika chuma cha nyuma ya kiti kwa mikono yote miwili. Mgongo wake ulikuwa umelowa jasho, shati limeng'ang'ania, na kila kona niliegemea nyuma nisimguse.

"Stella," akasema, bila kugeuka, "hata wewe?"

"Endesha," nikamwambia.